Cheti cha sorsi kinasema 370 GBq, kinasema pia 40.8 mGy: tupige hesabu kwa ipi?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni intani wa fizikia ya tiba, hospitali yetu ina mashine ya brakitherapi ya Iridiamu-192. Cheti cha sorsi mpya kina namba mbili, 370 GBq na 40.8 mGy kwa saa kwenye mita 1. Nikichukua 370 nikazidisha kwa konstanti ya kitabu cha chuo napata 41.1 sio 40.8. Ipi ndo ya kweli? Alafu kutoka hapo mtu anafikaje kwenye 7 Gy za mgonjwa? Kompyuta inatoa sekunde na mimi nasaini bila kujua zimetoka wapi. Naomba hesabu ya mkono."

Marahaba mdogo wangu. Hilo la kusaini bila kujua sekunde zimetoka wapi ndo limenifanya nijibu kwa kirefu, maana saini ni yako sio ya kompyuta, na hesabu yenyewe wala sio ngumu, ni kuzidisha na kugawanya tu ukishajua unaanzia wapi.

Kwa wageni wa fani hii: brakitherapi ni tiba ya kuingiza chanzo kidogo cha mionzi (sorsi) mwilini karibu na uvimbe, GBq (gigabekereli) inapima aktiviti, yaani atomu mabilioni mangapi zinavunjika kila sekunde, na Gy (grei) inapima dozi, mGy ni elfu yake. Jibu fupi kwanza. Namba ya kuanzia ni 40.8. Ile 370 imezaliwa na 40.8, sio kinyume chake. Kiwandani hakuna mtu aliyekaa akahesabu atomu ngapi zinavunjika kila sekunde ndani ya kapsuli, walichofanya ni kupima mionzi inayotoka nje, wakapata 40.8, alafu wakaigawa kwa konstanti yao wakaandika 370 kwa ajili ya watu wa usafirishaji na vibali, maana huko kila karatasi inaongea Bekereli. Wewe ukaichukua 370 ukaizidisha kwa konstanti ya kitabu chako ambayo sio ile waliyogawia wao, na hapo ndo 41.1 ilipotokea. Bila shaka kitabu chako kina ile 4.69 ya enzi za rontgeni (kizio cha zamani cha mionzi hewani), ukiigeuza kwenda kerma (nishati ambayo mionzi inaiachia hewa) kwa kuzidisha na 0.876 unapata 4.11 kwa kila milikyuri (kizio cha zamani cha aktiviti), mara milikyuri 10,000, ambazo ndo 370 GBq, ni 41,100, yaani zile 41.1 zako. Wao walitumia 4.08. Umebahatika tofauti haijafika hata asilimia 1, lakini chukua vitabu viwili vya miaka tofauti uone, konstanti ya iridiamu inapanda na kushuka kwa asilimia kadhaa na kila mwandishi ana sababu zake. Ukiwa unaanza na Bekereli unakuwa unazidisha kwa kitu ambacho mwenzio alishagawa, na msipotumia kitu kimoja mgonjwa ndo anabeba tofauti.

Sasa kwa nini isipimwe tu aktiviti yenyewe tukamaliza? Kwa sababu ya kapsuli. Sorsi ya HDR (brakitherapi ya kasi kubwa ya dozi, kama mashine yenu) ni kijipande cha iridiamu cha urefu wa kama milimita 3.6 na kipenyo cha milimita 0.65 hivi, kimefungwa ndani ya stenlesi na kuchomelewa kwenye ncha ya waya wa chuma. Iridiamu ni metali nzito mno, inazidi risasi kwa uzito karibu mara mbili kwa ujazo ule ule, kwahiyo sehemu ya mionzi inayozaliwa katikati ya kijipande inamezwa na kijipande chenyewe kabla haijatoka, alafu stenlesi nayo inachukua chake. Beta zote za maana zinaishia humo humo, na ni vizuri ziishie humo maana hatuzitaki. Kinachomfikia mgonjwa ni gama zilizofanikiwa kutoka. Ni kama kandili yenye kioo cha moshi, ukipima mafuta kwenye tangi hujapima mwanga uliopo mezani.

Kwahiyo ile 370 ya kwenye cheti inaitwa aktiviti inayoonekana, maana yake ni aktiviti ambayo sorsi tupu isiyo na kapsuli wala unene ingehitaji ili itoe mionzi sawa na hii yako. Iridiamu iliyomo ndani kiuhalisia ni nyingi kuliko hiyo. Kwenye tiba hatuhitaji kabisa kujua ni nyingi kiasi gani.

Kama bado hujashawishika linganisha na kobalti. Hospitali nyingi sasa zina mashine ya HDR ya Kobalti-60 badala ya iridiamu, sorsi yake ni 74 GBq, yaani mara 5 pungufu ya 370. Mtu anayefikiri kwa Bekereli atasema mashine dhaifu hiyo. Lakini kila mvunjiko wa kobalti unatoa gama mbili nzito, 1.17 na 1.33 MeV, wakati gama za iridiamu kwa wastani ziko kwenye 0.38 hivi, na ukipima hewani kwenye mita 1 ile kobalti inatoa 22 mGy na ushee kwa saa. Zaidi ya nusu ya iridiamu, kwa moja ya tano ya Bekereli.

Enzi za radiamu hili walilijua. Walipima kwa miligramu lakini kila mara walitaja na kava, miligramu 1 ya radiamu ndani ya platinamu ya nusu milimita inatoa 8.25 rontgeni kwa saa kwenye sentimita 1, kava ikibadilika na namba inabadilika. Rolf Sievert, huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye Sv tunazovaa kwenye beji, mwaka 1921 alikaa akaandika hesabu ya sindano ya radiamu kwa kuikata vipande vidogo vidogo na kwa kila kipande kuangalia mionzi inapita ukuta wa unene gani kwa pembe gani. Hesabu hiyo ilitumika miongo na miongo. Baadae sesiamu na iridiamu zilipokuja watu wakaendelea kuziandika kwa "miligramu za radiamu sawia", na hapo ndo balaa la vizio lilipoanzia, nitalirudia chini.

Kisa ninachokipenda zaidi kuhusu kapsuli ni cha iodini-125, zile mbegu ndogo zinazopandwa kwenye tezi dume. Mbegu ina urefu wa milimita 4.5 na kapsuli yake ni ya titaniamu. Sasa gama na eksirei za iodini ni dhaifu, kwenye 28 keV, zikigonga titaniamu zinaifanya titaniamu yenyewe itoe vieksirei vyake vya 4.5 keV. Vieksirei hivi havifiki popote mwilini, milimita 1 tu ya nyama vimekwisha, ila hewani vinafika kwenye chemba ya kupimia na vinahesabiwa. Kwahiyo kipimo cha taifa cha Marekani cha mwaka 1985 kilikuwa kinahesabu mionzi ambayo mgonjwa haipati. Mwaka 1999 NIST (maabara ya viwango ya Marekani) wakabadili kipimo wakaviondoa, na nguvu ya mbegu zile zile ikashuka kwa asilimia 10 hivi kwenye karatasi, bila mbegu kubadilika chochote. Ikabidi konstanti nazo zibadilishwe siku moja na vyeti, maana hospitali ikitumia cheti kipya na konstanti ya zamani inakosea kwa asilimia 10 wakati kila mtu kafanya kazi yake vizuri. Ndo maana leo ukisoma maelezo rasmi ya nguvu ya sorsi utakuta wanataja mpaka wa nishati, kwa kawaida 5 keV, chochote chini ya hapo hakihesabiwi.

Haya tuje kwenye hesabu yako. Kitu tunachoanza nacho kinaitwa nguvu ya kerma hewani, herufi zake ni SK, na kizio chake ni U. U moja ni mikrogrei 1 kwa saa kwenye mita 1, au ukitaka, sentigrei 1 kwa saa kwenye sentimita 1, ni kitu kile kile (sentimita 100 kwa mita, kipeo cha pili ni 10,000, na sentigrei moja ni mikrogrei 10,000, zinafutana). Kwahiyo 40.8 mGy yako ni 40,800 U. Njia ya kutoka hapo mpaka dozi kwenye maji inafuata ripoti ya TG-43 ya chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani, AAPM, iliyotoka 1995 na kuboreshwa 2004, na programu karibu zote za kupanga brakitherapi zimejengwa juu yake. Inasema hivi kwa Kiswahili cha kawaida: chukua SK ya siku hiyo, zidisha kwa konstanti ya kasi ya dozi ya modeli ya sorsi yako, unapata dozi kwa saa kwenye sentimita 1 ubavuni mwa sorsi ndani ya maji. Alafu rekebisha kwa umbali, rekebisha kwa jinsi maji yanavyomeza na kutawanya mionzi, rekebisha kwa pembe. Basi.

Anza na tarehe. Nusu-uhai ya Iridiamu-192 ni siku 73.83, inapoteza karibu asilimia 0.93 kila siku. Tuseme mgonjwa anatibiwa siku ya 45 baada ya tarehe ya cheti. 0.693 mara 45 gawanya kwa 73.83 ni 0.4225, weka alama ya kutoa uipige eksponensheli kwenye kikokotoo cha simu, unapata 0.655. Mara 40,800 ni kama 26,740 U. Konstanti ya kasi ya dozi kwa sorsi za HDR za iridiamu iko kwenye 1.11 (angalia ya modeli yako kamili, zinatofautiana kidogo kwenye desimali), kwahiyo 26,740 mara 1.11 ni 29,680 sentigrei kwa saa. Gawanya kwa 3,600 upate kwa sekunde: 8.24 sentigrei kila sekunde kwenye sentimita 1.

Unataka 7 Gy kwenye sentimita 2. Umbali umezidi mara mbili kwahiyo dozi inabaki robo, hiyo ni sheria ya kipeo cha pili ambayo kila mtu anaijua, 0.25. Ila sorsi sio nukta, ina urefu, ukipiga hesabu ya mstari wa milimita 3.6 inatoka 0.252. Maji kwenye umbali huo kwa iridiamu hayakusumbui, kinachomezwa kinafidiwa na kinachotawanyika, marekebisho yake ni nusu asilimia tu kwa juu. Kwahiyo 8.24 mara 0.252 mara 1.005 ni kama 2.09 sentigrei kwa sekunde. Sentigrei 700 gawanya kwa 2.09 ni sekunde 335, dakika 5 na nusu na kidogo. Siku sorsi ilipokuwa mpya dozi hiyo hiyo ingechukua sekunde 220.

Usidharau lile la urefu wa sorsi kwa sababu kwenye sentimita 2 halionekani. Kwenye nusu sentimita sheria ya nukta inakudanganya kwa asilimia 3, kwenye robo sentimita inakudanganya kwa zaidi ya asilimia 12, na robo sentimita sio mbali, kwenye mfereji mwembamba wa koo la chakula au nyongo ukuta wenyewe unaweza kuwa milimita chache tu kutoka kwenye sorsi.

Pembe nayo. Hesabu yote hapo juu ni ya ubavuni. Ukisimama kwenye ncha ya sorsi unaitazama kwa urefu wake, mionzi inayokuja kwako imepita iridiamu yote milimita 3.6 na kifuniko cha kapsuli, kwahiyo inabaki kama theluthi mbili tu ya ile ya ubavuni, na upande wa waya ni pungufu zaidi. Kwa mbegu za iodini inashuka chini ya nusu. Kila modeli ina jedwali lake la pembe na ndo maana kwenye programu unachagua modeli kwa jina kamili, ukichagua modeli ya kiwanda kingine kwa sababu "zote ni iridiamu" umebadilisha kapsuli bila kujua.

Lakini wewe hutibu kwa kituo kimoja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania na ndo inajaza foleni ya brakitherapi kwenye hospitali zetu, kuna tandemu na ovoidi (mirija ya kuingizia sorsi, mmoja ndani ya mfuko wa uzazi na mingine pembeni mwa mlango wake) na sorsi inasimama vituo vingi. Hakuna hesabu mpya hapo, ni kujumlisha. Chukua mfano mdogo: vituo 3 kwenye tandemu vimeachana sentimita 1, na unataka 7 Gy sentimita 2 ubavuni mwa kituo cha kati. Cha kati kinachangia 0.252 kama tulivyoona. Vile viwili vya pembeni viko mbali kidogo, mzizi wa 2 kipeo cha pili jumlisha 1 kipeo cha pili, yaani mzizi wa 5, kwahiyo kila kimoja kinachangia moja ya tano, 0.2. Jumla 0.652. Mara 8.24 ni 5.37 sentigrei kwa sekunde kama kila kituo kingekuwa na sorsi yake, ila sorsi ni moja inayohama, kwahiyo 700 gawanya kwa 5.37 ni sekunde 130 kwenye kila kituo, jumla 390. Ona kwamba muda wote umeongezeka ukilinganisha na 335, kwa sababu sehemu ya muda sorsi ilikuwa mbali zaidi na nukta yako. Kompyuta inafanya hivyo hivyo kwa vituo 30 na maelfu ya nukta, na kwa kila nukta inaangalia jedwali la maji na lile la pembe, basi. Na kumbuka yote haya yanachukulia mgonjwa ni maji matupu pande zote. Mfupa, hewa, kinga ya chuma ndani ya ovoidi, TG-43 haivioni. Kuna programu mpya zinazoviona, kwa shingo ya kizazi na iridiamu tofauti huwa ndogo, kwa iodini sio ndogo kabisa.

Sasa sehemu ambayo vitabu vya wenzetu wa ng'ambo vinapita haraka na kwetu ndo kwenye shida: kuhakikisha ile 40.8 mwenyewe. Cheti cha kiwanda sio msahafu. Sorsi ikifika unaipima kwa chemba ya kisima, ile ya mkebe yenye tundu katikati, unaingiza kateta (mrija mwembamba) mpaka sorsi ikae katikati ya chemba, unatafuta kituo chenye kurenti kubwa kuliko vyote kwa kusogeza milimita 5 kila mara alafu unapunguza hatua ukikaribia kilele, na hapo unasoma elektromita. Kurenti mara faktari ya chemba (inayotoka maabara ya viwango, na irudishwe huko kila baada ya miaka 2 hivi) mara rekebisho la hewa.

Hilo rekebisho la hewa lisikilize vizuri. Chemba nyingi ziko wazi, hewa ya chumba ndo inayopimiwa, hewa ikiwa nyepesi kurenti inapungua hata kama sorsi haijabadilika. Faktari ya chemba imetolewa kwa presha ya 101.3 kPa. Dar uko kwenye usawa wa bahari, rekebisho ni karibu 1 na hata ukisahau hutaumia sana. Nairobi presha halisi iko kwenye 83 kPa, rekebisho ni 1.22. Mfano: chemba ina faktari ya U 465 kwa kila nanoampea, umesoma nA 71.9 Nairobi, joto ni lile lile la kwenye cheti cha chemba. Bila rekebisho unapata 33,400 U na utampigia simu muuzaji kwamba kakuletea sorsi mbovu. Na rekebisho, 71.9 mara 1.22 mara 465, unapata 40,800 kamili. Mtego mkubwa ni simu: ukiuliza apu ya hali ya hewa presha ya Nairobi itakwambia 1,015 au 1,020 hPa (yaani 101.5 au 102 kPa), hiyo imeshapandishwa kwenda usawa wa bahari kwa ajili ya watabiri, sio presha iliyopo chumbani kwako. Kampala, Kigali, Mwanza, Arusha, mtego ni ule ule kwa viwango tofauti. Nunua barometa yako, uiweke chumba cha mashine. Na kwa mbegu za iodini rekebisho hili la kawaida linazidisha kwenye miinuko, huko kuna rekebisho la pili, ila kwa iridiamu hilo halikuhusu.

Kipimo chako kikiwa ndani ya asilimia 3 ya cheti endelea na kazi. Ikizidi hapo rudia, kagua joto, presha, kituo cha kilele, tarehe, faktari. Ikizidi 5 na hujapata sababu, sorsi hiyo haigusi mgonjwa.

Nilisema nitarudi kwenye vizio. Milikyuri 1 ya iodini-125 ni U 1.27, kwahiyo mtu akiagiza mbegu kwa milikyuri na mwenzie akaingiza namba ile ile kwenye programu kama U, dozi imekosewa kwa asilimia 27. Iridiamu ikiandikwa kwa miligramu za radiamu sawia na ikasomwa kama milikyuri, kosa ni la zaidi ya asilimia 70, na sio nadharia, IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) wameshaorodhesha ajali za namna hiyo hiyo. Tarehe nayo: cheti kikisema 03/04 ni tarehe 3 Aprili au Machi 4? Ukikosea hapo umekosea mwezi mzima, kwa iridiamu ni kama asilimia 25, kwa kobalti ni asilimia 1 tu maana nusu-uhai yake ni miaka 5.27, inapoteza kwa mwezi kile iridiamu inachopoteza kwa siku. Na yule aliyeandika kwenye logi "saa 6" tusijue ni saa sita yetu au 6 ya saa za kizungu, huyo msamehe, masaa 6 ya iridiamu hayafiki hata robo asilimia.

Uone hesabu hii inavyofika mbali, tuitumie kwenye kisa cha kweli. Novemba 1992, mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania Marekani, sorsi ya iridiamu ilikatika kutoka kwenye waya wake ikabaki ndani ya kateta mwilini mwa mgonjwa mzee. Kipima mionzi cha ukutani kilitoa onyo, ila konsoli ya mashine (meza ya kuiendeshea) ilionesha sorsi imerudi salama, wahudumu wakaiamini konsoli, hakuna aliyechukua sevei mita (kipima mionzi cha mkononi) kumpima mgonjwa, akarudishwa kwenye nyumba ya wazee. Alikaa nayo karibu siku 4 mpaka kateta ilipotoka, na akafariki tarehe 21 mwezi huo huo. Sorsi ilikuwa kyuri 4.3. Piga mwenyewe: 4,300 mara 4.08 ni 17,500 U, mara 1.11 ni 19,500 sentigrei kwa saa, yaani 195 Gy kila saa kwenye sentimita 1. Kwa masaa 90 ni Gy 17,000 na ushee. Ripoti ya NRC (mamlaka ya nyuklia ya Marekani) iliandika 16,000, wakati dozi iliyoandikwa na daktari ilikuwa 18. Zile mistari miwili ya mkono imefika jirani kabisa na uchunguzi mzima.

Na hesabu ya dharura ifanye leo kabla hujaihitaji. Sorsi mpya ya 40,800 U kwenye mita 1 ni 40.8 mGy kwa saa, nusu saa pale umeshamaliza zile 20 mSv za mwaka mzima za mfanyakazi. Ukiishika kwa koleo ndefu ya sentimita 30, vidole vinapata kama 7.6 mGy kwa dakika, inavumilika kwa sekunde chache za kuitupa kwenye kontena la risasi. Ukiiokota kwa vidole, kwenye sentimita 1 ni 7.5 Gy kwa dakika, na vidole vyenyewe viko karibu zaidi ya hapo. Ile tofauti ya karibu mara 1,000 karibu yote imetoka kwenye umbali. Bandika namba hizo mlangoni mwa chumba cha mashine zikiwa za sorsi yenu, sio za kwangu.

Mwisho, kuhusu saini yako. Huna muda wa kupiga vituo 30 kwa mkono kila mgonjwa na sikuambii ufanye hivyo. Fanya hivi: chukua jumla ya sekunde za plani, zidisha kwa SK ya siku hiyo. Kwa aplaiketa (vifaa vya kuingizia sorsi) ile ile, upakiaji ule ule na dozi ile ile jibu linatakiwa kuwa lile lile hata sorsi ikizeeka, mfano wetu wa kituo kimoja sekunde 335 mara 26,740 ni milioni 8.96, na sekunde 220 mara 40,800 ni milioni 8.98, ni kitu kimoja. Anza kuandika hizo namba za wagonjwa wenu wa tandemu na ovoidi kwenye daftari, baada ya plani kama 20 utaona ziko kwenye kundi moja, na plani ikikuletea namba iliyotoka nje ya kundi bila sababu unayoweza kuieleza kwa mdomo, kama vile tandemu fupi au dozi iliyopunguzwa, usisaini, mwite mwanafizikia mkuu mkaifungue pamoja. Kabla ya hapo angalia vitu vitatu kwenye programu, tarehe ya sorsi, kizio cha nguvu, na jina la modeli.